Mgonjwa Mkuu Ameruhusiwa Kwenda Nyumbani

Tarehe thelathini ya mwezi huu wa sita, mwalimu wetu wa uuguzi kwa vitendo anastaafu baada ya kukitumikia chuo hiki kwa miaka thelathini na mmoja. Mhariri wa jarida la wafanyakazi ameniomba mambo matatu: niandike nusu ukurasa, nisianze na "hakuna marefu yasiyo na ncha" kama kila mtu, na nisitie chumvi. Hilo la katikati nimelitimiza. Mengine mawili tutaona huko mbele.

Mimi nafundisha somo la mwili wa binadamu katika chumba kinachopakana na chake. Ukuta unaotutenganisha ni wa mbao nyembamba, kwa hiyo maradhi yake yote nimeyasikiliza. Nimemsikia akikohoa, akitapika, akijifungua mapacha, akikataa sindano, na asubuhi moja akilalamika kwamba mkwewe amemtilia kitu kwenye chai. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huacha kalamu na kunitazama, macho yamewatoka. Huwa nawaambia waendelee kuchora figo, huyo ni mwalimu mwenzangu na yuko kazini.

Wanafunzi humwita Mama. Sisi walimu humwita Mgonjwa Mkuu, cheo ambacho hakimo katika muundo wa utumishi na ambacho hakuna mwingine aliyewahi kukiomba. Sijaona mtumishi aliyelala sana kitandani saa za kazi kuliko yeye. Wakuu wa chuo wamekuja na kuondoka, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwandikia barua ya onyo.

Kwa asiyekijua chumba chake, kina vitanda vinne vya chuma vyenye magurudumu, na gurudumu moja la kitanda cha dirishani haligeuki hata ulisihi. Kuna sinki ambalo bomba lake hufunguliwa kwa kiwiko, kabati la vioo lililojaa bandeji na mirija, chupa za dripu zenye maji yaliyotiwa rangi, na Mzee Kimya. Mzee Kimya ni sanamu la mpira la ukubwa wa mtu mzima, lenye mishipa ya plastiki na kifua kinachofunguka kama sanduku. Wauguzi wa miaka nenda miaka rudi wamemchoma sindano na hajawahi kusema "aa". Hapo ndipo ulipokuwa ubovu wake.

Mama alikuja kwetu akitoka wodi ya wanaume, muuguzi mwenye mikono myepesi na sauti ya kumwamsha aliyepigwa nusu kaputi. Siku zile tulifundisha kama tulivyofundishwa sisi: mwalimu anasoma, wanafunzi wanaandika, kisha wote wanakwenda kumfunga bandeji Mzee Kimya. Naye alifanya hivyo hivyo mwaka mzima. Darasa lake la kwanza lilifaulu mtihani wa maandishi kwa alama zilizotufanya tutembee vifua mbele. Halafu akawafuata wodini kuwaangalia wakifanya kazi, akarudi amenuna.

Alichokiona kule ni hiki. Mwanafunzi wake bora alimfikia mgonjwa, akamvua shati, akamwosha mgongo, akamgeuza, akabadilisha shuka pasipo mkunjo hata mmoja. Kila hatua ilikuja mahali pake, kama kitabu kinavyotaka. Ila hakumsalimia, wala hakumwambia anachofanya. Ni mgonjwa mwenyewe aliyeuliza mwishoni, kwa adabu zote, "Binti, hivi mimi nimeshakufa?"

Jumatatu iliyofuata Mama alimnyanyua Mzee Kimya akamkalisha kwenye kiti, akavua viatu, akapanda kitandani na kujifunika shuka mpaka kidevuni. Akawatangazia wanafunzi kwamba ana homa, ana hasira, na mkojo umembana. Hakuna aliyesogea. Walisimama pale kama wageni waliokosea nyumba, mpaka mmoja wao akapata akili ya kusema, "Pole, Mama." Ufundishaji wa uuguzi katika chuo hiki ulianza upya asubuhi ile, ingawa wakati huo wengi wetu tulidhani ni uchovu wa kazi.

Tangu hapo ameugua kwa niaba ya watu wengi. Wagonjwa wake aliwatoa wodini alikofanya kazi, na kila mmoja alimpa jina. Yuko Bibi Nusu Dozi, anayeficha vidonge chini ya ulimi na kuvitema kwenye chungu cha maua ukigeuka. Yuko Mama Majibu, ambaye majirani wamekwisha kumpima na kumtibu, na anakuja hospitali kuthibitisha tu. Mgumu kuliko wote ni Bwana Sijambo. Ukimuuliza hujambo, hajambo. Umelalaje? Salama. Unaendeleaje? Anashukuru. Wakati huo jasho linamtiririka na mkono mmoja haubanduki kifuani. Wanafunzi waliandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, na Bwana Sijambo akawafia kabla hawajafunga kalamu.

Mama aliwaambia kwamba kwetu sisi salamu ni adabu, haijawa uchunguzi. Mtu atakujibu sijambo hata akiwa na mguu mmoja kaburini, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Kwa hiyo akawafundisha kusalimia kwanza, kisha kuvuta kiti na kukaa, kumshika mgonjwa mkono, na kuuliza upya kwa njia nyingine: asubuhi ulikula nini, ukaweza kumaliza? Msalani ulifika mwenyewe au ulishikiliwa? Mpaka leo, ukikutana barabarani na muuguzi aliyepita kwetu ukamwambia sijambo, hakuamini. Atakutazama kucha kwanza.

Baada ya kila zoezi viti hupangwa duara. Mgonjwa ndiye huanza kusema: wapi aliogopa, wapi aliaibika, nani alimtazama usoni na nani alitazama dripu. Kisha aliyekosea hueleza mwenyewe alichokiona, na wenzake hawaruhusiwi kucheka mpaka acheke yeye. Kanuni hii haina msamaha. Nimeliona darasa zima limeuma midomo, mabega yanatikisika, likimsubiri kijana mmoja ambaye kwa woga alimpima mgonjwa joto kwa kalamu ya wino. Alipocheka yeye, ukuta wangu ulitetemeka.

Mgema akisifiwa sana tembo hulitia maji, kwa hiyo niseme na yale mengine. Mama hamalizi kipindi kwa wakati. Chumba chake kikiwa na viti kumi na viwili, kumi ni vyangu. Aliwahi kuazima mifupa yangu ya kufundishia, ile ya binadamu mzima iliyoning'inizwa kwenye chuma, akaivalisha koti na kuikalisha kando ya kitanda iwe ndugu wa mgonjwa aliyesubiri huduma muda mrefu. Somo lilieleweka. Mifupa ilirudi imepungua kidole cha shahada, na mpaka namwandikia maneno haya sijakiona.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wafanyakazi wapya hulisikia nusu nusu wakati wa chai. Kila mtu anajua kwamba Alhamisi mchana wanafunzi wetu hujifunza kumwambia mtu kwamba mpendwa wake amefariki. Vyuo vingine hutuma walimu kuja kutazama. Wasichokijua wengi ni kwamba zoezi hilo, siku yake ya kwanza kabisa, lilikaribia kuzikwa pamoja na mazoezi mengine yote ya Mama, na msichana mmoja wa mwaka wa tatu nusura arudishwe kwao na begi lake.

Zamani jambo hilo halikufundishwa. Tulifundisha kuuosha mwili, kuufunika, kuandika jina kwenye kitambulisho cha mguuni. Habari yenyewe iliachiwa yeyote atakayekutwa kwenye ukumbi na ndugu. Mama aliliona hilo kuwa aibu yetu sote. Akapanga kwamba yeye atakuwa marehemu, amelala chini ya shuka, na katika chumba kidogo karibu na geti ataketi mtu wa kuwa mume wa marehemu. Wanafunzi wataingia mmoja mmoja kumpa habari.

Maagizo yalikuwa machache. Kaa, usiseme ukiwa umesimama. Hakikisha unayeongea naye ndiye mhusika. Litaje neno lenyewe, usimzungushe mtu. Ukishalitaja, nyamaza, ubaki naye, na usitazame saa. Akitaka kumwona marehemu, mpeleke mwenyewe.

Ili wanafunzi wasije wakacheka, Mama alitaka mume huyo awe mtu wasiyemjua. Alipatikana fundi rangi mmoja, jamaa wa mtunza stoo wetu, aliyesifika kwa kulia kwa uchungu hata kwenye misiba isiyomhusu. Siku ilipofika, fundi rangi akachelewa.

Hapo lazima nimtaje mume halisi wa Mama, ambaye ni fundi cherehani mwenye duka lake mtaa wa pili. Mzee huyu hakujua kazi ya mkewe inafanywaje. Alijua anafundisha, anarudi amechoka, na anahitaji kuchemshiwa maji ya kuoga. Mama hakuwahi kumwambia kwamba nusu ya siku huwa yuko kitandani. Alihofia kuambiwa kwamba analipwa kwa kulala, na maji ya kuoga yangekoma.

Asubuhi ya siku hiyo Mama aliondoka nyumbani akilalamika kichwa, na dawa zake za presha akazisahau mezani. Mumewe alipoziona, alifunga duka akazileta. Getini alimkuta mlinzi wetu, mtu asiyejua kusema uongo. Fundi akamuuliza mkewe yuko wapi. Mlinzi akamjibu kwamba Mama yuko ndani, amelala kitandani tangu asubuhi, na wanafunzi wote wamemzunguka. Akamwonyesha chumba kidogo akae, watakuja kumwita.

Wa kwanza kwenye zamu alikuwa msichana ambaye wenzake walimwita Taratibu, kwa sababu hata chai aliinywa kwa kufikiri. Aliingia akakuta mzee amekaa ukingoni mwa kiti, roho juu, bahasha ndogo mkononi. Akamwamkia. Akamuuliza, "Baba, wewe ndiye mume wa mama aliyelala kule ndani?"

"Ndiyo, mwanangu. Ana nini?"

Taratibu alivuta kiti, akakaa. Alimwambia kwamba ana habari mbaya, akasubiri kidogo, kisha akasema, "Mama amefariki, baba." Halafu akanyamaza, kama alivyofundishwa.

Fundi mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye. Anasema hakusikia kitu kwa muda, hata magari ya barabarani hakuyasikia. Aliuliza kama aliteseka. Taratibu akamjibu kwamba hakuteseka na hakuwa peke yake, walikuwa naye, na mmoja wao alikuwa amemshika mkono. Mzee akaitazama bahasha akasema alikuwa anamletea dawa. Taratibu aliwaza moyoni kwamba mtu huyu ana kipaji cha kutisha. Lakini hakutoka kwenye kazi yake. Aliweka mkono wake juu ya mkono wa mzee, wakakaa hivyo, na saa hakuitazama. Mzee alipoomba kumwona mkewe, Taratibu alisimama, akampa mkono wa kuegemea, wakaja pole pole.

Chumbani wanafunzi walikuwa wamejipanga ukutani, nyuso chini. Fundi alifika kando ya kitanda, hakuweza kugusa shuka. Akamwita mkewe kwa jina analomwita nyumbani, ambalo sitaliandika kwenye jarida la ofisi. Marehemu akainuka papo hapo, shuka likiwa bado kichwani, akauliza amefuata nini huku na dukani kamwacha nani. Mzee akaketi kwenye kitanda cha pili, juu ya Mzee Kimya. Na wanafunzi, ambao hawajawahi kuona maigizo mazuri namna ile, wakapiga makofi.

Ni makofi hayo yaliyonitoa chumbani kwangu. Nilipoingia Mama alikuwa ameshaiona ile bahasha na kuelewa yote. Alishuka kitandani miguu mitupu, akapiga magoti mbele ya mumewe na kumshika uso kwa mikono miwili. Nimemsikia akilia mara nyingi kupitia ukutani. Siku ile nilimwona akilia bila kufundisha. Wanafunzi walipozinduka walikimbilia mashine ya kupima presha. Mzee hakukubali kuguswa na mtu yeyote isipokuwa yule msichana aliyemwambia kwamba amefiwa. Presha yake ilikuwa juu kuliko ya mwenye dawa. Fundi rangi alifika saa sita mchana, akilia tayari kuanzia getini.

Habari haikulala. Wiki iliyofuata bodi ya chuo iliitisha kikao. Mjumbe mmoja, daktari bingwa anayeheshimika, alisema kwamba tiba si tamthilia. Alitaka Mzee Kimya arudishwe kitandani, walimu wakae kwenye viti vyao, na mwanafunzi aliyemtangazia mtu kifo cha uongo afukuzwe chuoni. Mama alisimama akasema kwamba kama kuna wa kufukuzwa, afukuzwe marehemu. Bodi haikucheka. Taratibu, aliyekuwa nje kwenye benchi, alikuwa ameshakunja nguo zake bwenini. Kwao hakuna aliyewahi kufika chuo kabla yake, na alichokuwa akiwaza ni atamwambia nini mama yake mzazi. Nilikaa naye pale benchini.

Fundi cherehani aliitwa kama mlalamikaji. Alikuja amevaa suti aliyoishona mwenyewe, kola imekaa sawasawa. Mwenyekiti alimwomba aeleze madhara aliyoyapata. Alikiri kwamba aliumia, na kwamba siku mbili zilizofuata mkasi haukumtii, alikata suruali ya mteja miguu haikulingana. Kisha akaomba ruhusa ya kusimulia jambo jingine. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kwa ajili ya joto, kwa hiyo tulimsikia vizuri.

"Mama yangu alikufa hospitali," alisema. "Mimi nilikuwa nimetoka kumnunulia matunda. Nikarudi, nikakutana na mtu kwenye ukumbi, amesimama, anaangalia saa. Akaniuliza, mzee, ule mwili mtauchukua lini? Mimi nikamuuliza, mwili gani? Ndivyo nilivyojua kwamba mama amekufa. Wiki iliyopita huyu binti kanikalisha. Kaniambia kwa neno lenyewe. Kanishika mkono mpaka nikaweza kusimama. Mara ya kweli niliambiwa vibaya, mara ya uongo nikaambiwa vizuri. Sasa huyu mkimfukuza, wa kutuambia atabaki nani?"

Nilimtazama Taratibu. Alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili. Ndani, yule daktari bingwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema hana swali.

Taratibu alibaki chuoni na Mama akarudi kitandani, kwa masharti. Mlangoni hubandikwa tangazo. Kila anayeigiza huvaa kitambaa cha njano mkononi, na asiye nacho huchukuliwa kuwa mtu wa kweli mwenye shida ya kweli. Mlinzi hupewa taarifa mapema. Na mtu yeyote, hata mwanafunzi mgeni kuliko wote, akisema "simameni, hili ni la kweli", kila kitu husimama. Vyuo vilivyotuiga vimechukua zoezi pamoja na masharti yake, na siku hizi mtihani wetu wa vitendo una alama zinazotolewa na mgonjwa mwenyewe. Hayo mhariri aliniagiza niyaweke chini ya mafanikio, nami nimeyaweka.

Lilibaki suala la mume wa marehemu, maana fundi rangi hakuwa mtu wa kutegemewa. Fundi cherehani akajitolea. Alisema kwa kuwa yeye ameshafiwa na mke mara moja, anajua pa kuanzia. Tangu hapo kila Alhamisi hufunga duka mchana, huvaa kitambaa chake cha njano alichokishona mwenyewe, na kuja kuketi katika kile chumba kidogo. Wanafunzi humwita Baba Mfiwa. Ameambiwa na wanaotetemeka, na waliosahau neno katikati, na mmoja aliyeshikwa na kicheko cha woga, na mwingine aliyelia kabla yake ikabidi mzee ndiye ambembeleze. Kwenye duara yeye huanza kusema, kwa upole, kama anayemwonyesha mwanafunzi wa ushonaji pa kupitisha sindano: hapa ulinikimbiza, hapa uliniacha, hapa ulikaa nami. Wauguzi waliopita mikononi mwake wametawanyika kwenye wodi nyingi, na ndugu wanaoketishwa leo mahali fulani na kuambiwa kwa utaratibu hawajui kwamba wanadaiwa asante na fundi cherehani mmoja.

Taratibu sasa ni mwalimu, na mwezi wa saba atakabidhiwa chumba, Mzee Kimya, kitanda chenye gurudumu bovu na viti vyangu kumi. Bado anakunywa chai kwa kufikiri. Lilipozungumzwa suala la Alhamisi, mkuu wa chuo alimuuliza Baba Mfiwa kama atakubali marehemu awe Taratibu. Alikataa katakata. Alisema binti yule ni mwanawe, na yeye hawezi kumlilia mtoto, hata kwa kuigiza. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba Mama anastaafu kazi zake zote isipokuwa kufa, ambako atakuja kutufanyia kila Alhamisi kwa kadiri afya yake itakavyoruhusu. Idara ya utumishi inatafuta namna ya kuliandika hilo.

Alhamisi iliyopita nilimkuta mzee katika chumba chake kidogo, akisubiri mwanafunzi wa kwanza. Nilimuuliza jambo nililokuwa nalo moyoni kwa miaka. Anawezaje kuketi pale na kusikia maneno yale yale kuhusu mke wake yule yule? Mimi nayasikia yakirudiwa kwenye duara, kupitia ukutani tu, na kuna siku huacha kufundisha. Alinyoosha kitambaa chake cha njano kwanza.

"Mwalimu," akaniambia, "wenzangu wakiambiwa, ndiyo basi tena. Mimi naambiwa kila Alhamisi, halafu jioni narudi naye nyumbani."

Mama, kwa niaba ya walimu, wanafunzi, mlinzi wa geti na wagonjwa ambao hutawaona kamwe, asante. Ulitufundisha kwamba mtu aliye kitandani ni mtu, na ulilala wewe ili tuelewe. Tunakutakia afya njema wewe na mzee, na Alhamisi nyingi, nyingi sana.